Kitazamio cha Kamera na Maradhi ya Kioo Chake

Walimu wa Kiswahili wamezoea kuulizwa na wanafunzi swali hili: kwa nini lugha yetu ina neno moja tu, kioo, kwa kitu kipitishacho mwanga na kwa kitu kiurudishacho? Dirishani kioo hutuonyesha walio nje. Ukutani kioo hutuonyesha sisi wenyewe. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa Kifaransa, kama walivyo wengi wa wanafunzi wetu hapa Bujumbura, huona kwamba huo ni upungufu wa lugha. Hatukusudii kubishana naye katika makala haya. Twataka tu kumwonyesha kijipande cha kioo, kidogo kama ukucha, ambacho hufanya kazi hizo mbili kwa wakati mmoja. Kijipande hicho kimo ndani ya kamera nyingi za zamani za filamu, zile zinazouzwa leo zikiwa zimekwisha kutumiwa na watu wawili au watatu, na sisi tulijifunza historia yake baada ya kukiharibu kwa mikono yetu wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kwa kitazamio twamaanisha tundu ambalo mpiga picha hutia jicho lake ili ajue ni sehemu gani ya yale yaliyo mbele yake itakayoingia katika picha. La kushangaza ni kwamba kamera ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida haikuwa na tundu hilo. Kodak ya mwaka 1888, iliyotengenezwa na George Eastman huko Marekani, ilikuwa sanduku lenye filamu ya picha 100, na juu ya sanduku palichorwa mistari ya kulengea. Mpiga picha aliielekeza kama mtu anayelenga bunduki, akaomba Mungu. Brownie ya mwaka 1900, sanduku la karatasi ngumu lililouzwa kwa dola 1, nayo ilianza kwa mistari ya namna hiyo hiyo; aliyetaka kitazamio alikinunua kando na kukipachika juu. Kwa hiyo kitazamio kiliingia katika historia ya kamera kama mgeni aliyefika karamu imekwisha kuanza, akapewa nafasi pembeni.

Nafasi hiyo ya pembeni ndiyo chanzo cha taabu ya kwanza. Jicho hutazama kupitia tundu lililo juu au kando ya lenzi, na filamu hupokea mwanga kupitia lenzi yenyewe; basi jicho na filamu havioni kitu kile kile. Kwa mlima ulio mbali tofauti hiyo si kitu. Kwa mtu aliyesimama hatua mbili mbele ya kamera, tofauti hiyo ni paji la uso. Msomaji akifungua kasha la picha za jamaa zake za miaka ya 1940 na 1950 huenda akakuta viatu vingi vilivyotoka vizuri sana na vichwa vilivyokatwa. Watu humlaumu mpiga picha, lakini mara nyingi yeye alikiona kichwa chote.

Mwaka 1925, katika maonyesho ya Leipzig, kampuni ya Ernst Leitz ya mji wa Wetzlar, Ujerumani, ilitoa kamera ndogo iliyobuniwa na Oskar Barnack, ikaitwa Leica. Kitazamio chake kilikuwa kidarubini kilichogeuzwa nyuma mbele, ili badala ya kukuza vitu kivipunguze, na eneo zima liingie ndani ya tundu dogo. Hata hivyo kilimwambia mpiga picha upande tu, wala hakikumwambia umbali. Umbali aliukisia kwa macho, au aliupima kwa chombo kingine alichokichomeka juu ya kamera, kisha akaisogeza lenzi kufuatana na tarakimu alizozisoma. Aliyekosea kukisia alipata picha yenye ukungu.

Dawa ilipatikana mwaka 1932, pale Leica II na mshindani wake Contax, kamera ya kampuni ya Zeiss Ikon, zilipotoka zikiwa na kipima-umbali kilichounganishwa na lenzi. Mwalimu aweza kukifundisha chombo hiki darasani bila kamera yoyote. Mwambie mwanafunzi anyooshe mkono, asimamishe kidole gumba mbele ya uso wake, kisha afumbe jicho la kulia na la kushoto kwa zamu. Kidole kitaonekana kurukaruka. Na kadiri anavyokisogeza karibu ndivyo kinavyoruka zaidi. Kamera nayo ilipewa macho mawili, yaani vidirisha viwili vilivyotengana. Katika Leica II vilitengana kwa sentimita 4 hivi. Katika Contax II, iliyofuata mwaka 1936, kwa sentimita 9 hivi. Mwanga wa kidirisha kimoja huenda moja kwa moja kwenye jicho la mpiga picha. Mwanga wa kidirisha cha pili hupigwa na kioo cha pembeni, kisha huletwa mbele ya jicho lile lile, hata mpiga picha huona vitu viwili viwili: watu wawili pacha, nguzo mbili, ndoo mbili. Anapozungusha lenzi, mkono mdogo wa chuma hukisukuma kioo cha pembeni au lenzi iliyo mbele yake, na ile picha ya pili husogea polepole mpaka ikalala juu ya ya kwanza. Mapacha wakiwa mtu mmoja, umbali ni sahihi.

Hapo sasa ndipo kilipo kijipande chetu. Ili picha mbili zifike kwenye jicho moja, lazima katika njia pawe na kioo kilicholazwa mshazari ambacho huipitisha picha ya kwanza kama dirisha, na wakati huo huo huirudisha picha ya pili kama kioo cha kujitazamia. Huwekwa utando wa madini, mara fedha mara dhahabu, mwembamba hata mwanga mwingine hupita na mwingine hurudi. Ufundi wa kupaka vioo fedha kwa njia ya kemia watokana na Justus von Liebig, mkemia Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1835 jinsi fedha iliyoyeyushwa katika dawa inavyoweza kujishikiza juu ya kioo. Baadaye viwanda vilijifunza kuyavukiza madini ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, yakatua juu ya kioo kama umande. Tuongeze kwamba filamu yenyewe hupokea picha kwa chumvi za fedha. Madini yaliyo katika mkufu wa bibi harusi ndiyo yaliyoishika picha yake ya arusi.

Lugha nyingi zililazimika kutunga jina refu kwa kioo hicho, zikikiita dirisha lililopakwa nusu au kioo cha kujitazamia kisichokamilika. Sisi twaweza kukiita kioo, na tukawa tumesema yote.

Hatutakawia juu ya kamera zilizofuata. Contax II iliviunganisha kitazamio na kipima-umbali katika tundu moja. Mjini Kharkiv, katika komuni ya vijana iliyopewa jina la Feliks Dzerzhinsky, nakala ya Leica iitwayo FED ilianza kutengenezwa mwaka 1934. Zorki ikafuata huko Krasnogorsk mwaka 1948. Mitambo ya Contax ilichukuliwa na Wasovyeti kama fidia ya vita, na kutokana nayo kiwanda cha Arsenal mjini Kiev kikaanza kutoa kamera zake mwaka 1947. Leica M3 ya mwaka 1954 ilikuwa na fremu ya mistari myeupe ndani ya kitazamio, nayo husogea kadiri umbali unavyobadilika, hata vichwa havikatwi tena ovyo. Wakati huo Contax S ya Dresden, tangu 1949, ilikwisha kushika njia nyingine kabisa: jicho lilitazama kupitia lenzi ile ile ya kupigia picha, kwa msaada wa kioo na prizimu juu yake. Njia hiyo ndiyo iliyoshinda mwishowe.

Tuje kwenye maradhi. Kamera ya miaka 60 au 70 huweza kuwa na lenzi safi na mwendo mzuri, na bado kitazamio chake kikawa kama dirisha la jiko la kuni. Vumbi na mvuke wa mafuta ya kulainishia hutua juu ya vioo vya ndani. Huo ni ugonjwa mwepesi. Kuvu ni mbaya zaidi. Hustawi penye unyevu, hutandaza nyuzi kama za buibui, na ikikaa muda mrefu huacha alama zisizofutika. Sisi tukaao kando ya ziwa na wenzetu wa pwani twaijua sana. Halafu kuna gundi. Vipande vingi vya vioo viligandishwa kwa utomvu wa mti mmoja wa Amerika ya Kaskazini ujulikanao kama zeri ya Kanada, uliopendwa kwa sababu hupindisha mwanga karibu sawa na kioo, hata maungio hayaonekani. Utomvu huo huzeeka, huwa manjano, huachana. Katika Leica M3 pigo moja laweza kuvitenganisha vipande hivyo, na kitazamio kikaingia giza. Katika kamera za prizimu, sifongo iliyowekwa na kiwanda kuilinda prizimu huoza baada ya miaka, ikala fedha iliyopakwa juu yake. Mwenye kamera huona mstari mweusi au madoa, akadhani lenzi imekufa. Filamu yake haina habari yoyote. Picha zitatoka safi.

Lakini ugonjwa unaoua kuliko yote ni usafi. Ule utando wa madini, hasa katika kamera za zamani, haukukingwa na kitu. Huweza kustahimili miaka 60 ya giza, usistahimili sekunde mbili za pamba. Kamera yetu, ambayo jina lake tutaliacha, ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Tuliifungua kwa bisibisi ya saa, tukaona kioo kimefifia, tukapitisha pamba yenye spiriti. Kioo kikang'aa ajabu. Tulifurahi mpaka tulipotia jicho: picha ya pili ilikuwa imetoweka. Tulikuwa tumekigeuza kioo kuwa dirisha tu.

Wiki ile ile palikuwa na karamu ya kumwaga mwenzetu mmoja aliyestaafu baada ya kufundisha Kiswahili kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi yetu. Tukajiambia kwamba umbali twaweza kuukisia, kama alivyofanya mtu wa 1925. Kati ya picha 36, zile za karibu zote zilitoka na ukungu. Mzee alipoziona alizitazama moja moja, kisha akasema kwa upole kwamba jengo la shule limetoka vizuri.

Katika bara letu historia ya picha ni pia historia ya mafundi. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufariki Kinshasa mwaka 1997, alinunua kamera ndogo ya Adox kwa ajili ya arusi yake mwaka 1950. Kabla ya kujulikana kwa picha zake za wanamuziki na usiku wa Kinshasa, alipata riziki kwa kutengeneza baiskeli, saa na kamera. Malick Sidibé wa Mali, aliyeanza na Brownie Flash mwaka 1956, alijulikana mjini Bamako kwa kutengeneza kamera kama alivyojulikana kwa kupiga picha, na rafu za studio yake zilijaa kamera kuukuu. Alipewa tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, na Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka 2007. Watungao historia husimulia tuzo. Sisi, tukiwa na kamera pofu mezani, tulizifikiria zile rafu. Kamera mbovu ndiyo ghala ya vipuri. Fundi asiye nayo hana pa kuanzia.

Fundi wetu ni fundi saa wa mtaa wa Buyenzi. Hakutukemea. Aliuliza tu ni nani aliyekipangusa, akacheka tuliponyamaza. Alitafuta kamera ya aina ile ile iliyovunjika upande wa filamu, akakitoa kioo chake kwa kibano, akikishika kingoni tu, akakipuliza kwa kipulizio cha mpira bila kukigusa. Alikilaza mahali pake kwa mshazari ule ule na kukishikiza kwa tone la rangi ya kucha pembeni, kwani rangi ya kucha hukubali kubanduliwa siku fundi mwingine atakapokuja. Alitueleza pia hila ya maskini, kwa yule asiye na kipuri: bandika kipande kidogo cha plastiki ya rangi nzito juu ya kidirisha kikubwa. Picha ya kwanza hufifia, na ile ya pili, kama bado iko hata kidogo, hujitokeza.

Ilibaki kulinganisha. Kipima-umbali hupotoka kwa njia mbili: juu na chini, ambapo mapacha hawalingani vimo, na kulia na kushoto, ambapo umbali husomeka vibaya. Ya pili ndiyo yenye kudhuru, na ni ndogo mno: katika kamera yenye vidirisha vilivyotengana kwa sentimita 4, mtu aliye mita 10 huitofautisha miale kwa chini ya robo ya digrii. Kwa hiyo hulinganishwa kwa kitu kilicho mbali sana. Mahali petu kitu hicho ni milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, lakini ilikuwa kiangazi na moshi na vumbi vilikuwa vimeifunika kwa wiki nzima. Fundi akasema tungoje usiku.

Mwezi ulipotoka juu ya vilima vya mashariki tuliizungusha lenzi mpaka alama ya mwisho, tukaielekeza kamera. Miezi ilikuwa miwili, mmoja mweupe na mmoja wa manjano kidogo, imeachana kwa upana wa unyoya. Fundi aliigusa parafujo, akangoja, akaigusa tena. Kisha akatupa kamera tutazame, akaanza kukusanya vyombo vyake.