Takwimu za foleni za RabbitMQ
Takwimu za foleni za RabbitMQ ni vipimo vinavyoonyesha jinsi programu hiyo ya kupokea na kusambaza ujumbe, iliyotolewa mwaka 2007, inavyohimili kazi. Vikuu ni idadi ya jumbe zinazosubiri, zilizopelekwa bila kuthibitishwa na mpokeaji, na kasi ya kuingia na kuthibitishwa kwa sekunde. Urefu wa foleni pekee hautoshi. Kwa kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961, foleni tulivu ya jumbe 6,000, zikiingia 200 kwa sekunde, humaanisha kila ujumbe hukaa wastani wa sekunde 30. Jumbe zisizothibitishwa zikirundikana, mara nyingi mpokeaji amelemewa. Kumbukumbu ya seva ikifikia kikomo kilichowekwa, RabbitMQ huwazuia watumaji.