Dongodongo, pamba na kakao ni ndugu

Vijana wenzangu wa Bwera, angalieni ua la dongodongo, yaani bamia, kisha ua la pamba ya huku Kasese. Petali tano, karibu sura moja! Ni ukoo mmoja, na kakao ya Beni imo pia. Ila historia haikuitendea mimea hiyo sawasawa. Mwaka 1903 pamba ililetwa Uganda kwa biashara. Kwetu Kongo, kuanzia 1917, Wabelgiji waliwalazimisha wazee wetu kuilima. Asiyelima alichapwa fimbo ao alifungwa. Dongodongo mama zetu waliipanda tu nyuma ya nyumba. Leo kakao ndiyo yenye bei. Wengi wetu tuliacha mashamba yake Beni tukikimbia vita. Magunia bado yanavuka Mpondwe kuja huku. Aliyevuna ni nani, sisi tuliopanda hatujui.