Waya ya shaba inayozamisha chambo cha trauti
Trauti ni samaki wa mito ya maji baridi. Chakula chake kingi anakipata chini: vidudu vya majini ambavyo havijaota mabawa. Chambo bandia kikikosa uzito, maji yanakipitisha juu ya kichwa cha samaki, na mvuvi anarudi mikono mitupu.

Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Uingereza, alipata dawa yake. Aliieleza katika kitabu Nymphs and the Trout cha mwaka 1958. Hakutumia uzi wala risasi.

Namna ya kufunga: zungusha waya nyembamba ya shaba juu ya ndoano, sehemu ya kifua rudilia mpaka nundu itokee. Funga nyuzi nne za unyoya wa mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, ncha zibaki nyuma kama mkia. Zisokote pamoja na waya, uzungushe mpaka mbele. Zinazobaki zikunje juu ya nundu, nyuma na mbele, kisha kaza kwa waya.

Miguu haiwekwi: Sawyer aliona kidudu kikiogelea kinaibana mwilini. Basi shaba ile moja inafunga, tena inazamisha.