Edward Elric: Mama aliyerudi na mama ambaye hakurudi kamwe

Ukiwasikia vijana wawili wakibishana kuhusu Fullmetal Alchemist, huenda wote wawili wanasema kweli. Mmoja anasema Edward Elric alipambana na kiumbe chenye sura ya mama yake. Mwingine anakataa katakata kwamba jambo hilo halikutokea. Sababu ni kwamba hadithi hii ina kitabu kimoja cha katuni na filamu mbili za mfululizo, na filamu hizo hazikubaliani juu ya swali kubwa kuliko yote: wale watoto walitengeneza nini usiku ule?

Katika makala hii tunaeleza historia ya Edward, mahali ambapo filamu ya kwanza ilichepuka, na kwa nini tofauti hiyo ina uzito. Tahadhari kwa ambaye hajatazama: tutataja mwisho wa hadithi.

Hadithi ilianzia wapi

Manga ni katuni za Kijapani zinazochorwa kwa ajili ya kusomwa. Manga ikifanywa kuwa filamu ya michoro inayotembea, inaitwa anime.

Manga ya Fullmetal Alchemist iliandikwa na kuchorwa na Hiromu Arakawa, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1973 na kukulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani. Kabla ya kwenda Tokyo kutafuta maisha ya uchoraji, alifanya kazi shambani kwa wazazi wake. Hadithi yake ilianza kutoka katika jarida la kila mwezi mwaka 2001, ikakamilika mwaka 2010, na kukusanywa katika vitabu 27.

Nchi ya hadithi inaitwa Amestris. Ni ya kubuni, ina treni, simu na jeshi lenye nguvu. Huko kuna elimu ya alkemia: mtu anachora duara lenye alama na kugeuza kitu kuwa kitu kingine. Lakini kuna sheria. Huwezi kupata kitu bila kutoa kitu chenye thamani sawa. Mkulima hahitaji kufundishwa sheria hiyo. Hakuna maziwa bila majani, na hakuna mavuno bila jasho.

Usiku uliobadilisha kila kitu

Edward na mdogo wake Alphonse wanakulia kijiji cha Resembool. Baba yao, Hohenheim, aliondoka wakiwa wadogo sana. Mama yao, Trisha, anaugua na kufariki. Watoto wanabaki na jirani, bibi Pinako, na mjukuu wake Winry.

Hawakubali kwamba mama amekwenda. Wanasoma vitabu vya baba yao, wanamtafuta mwalimu, mama mmoja hodari aitwaye Izumi Curtis, na kwa siri wanajiandaa kufanya jambo lililokatazwa kabisa: kumrudisha mtu aliyekufa. Wanakusanya vitu vinavyounda mwili wa mtu mzima, ikiwa ni pamoja na maji lita 35, kaboni kilo 20, chokaa kilo moja na nusu, chumvi gramu 250 na chuma gramu 5. Vyote ni vitu ambavyo hata mtoto anaweza kuvinunua kwa fedha zake za mfukoni.

Edward ana miaka 11 na Alphonse 10 wanapojaribu. Jaribio linashindikana vibaya. Edward anapoteza mguu wa kushoto. Alphonse anapoteza mwili wote. Kwa haraka Edward anatoa mkono wake wa kulia ili kuikamata roho ya mdogo wake na kuifunga ndani ya deraya, vazi la chuma la askari wa zamani lililokuwa pale nyumbani. Na katikati ya duara, mahali ambapo mama alitakiwa kuwa, kuna kitu kilichopinda, kinachohema kwa shida, kisha kinatulia.

Baadaye Edward anawekewa mkono na mguu wa chuma, anaingia katika utumishi wa jeshi akiwa na miaka 12, na yeye na mdogo wake wanaichoma nyumba yao ili wasiwe na pa kurudi. Hadi hapa, kitabu na filamu zote mbili zinakwenda pamoja. Swali ni juu ya kile kitu kilichobaki kwenye duara.

Filamu ya 2003: kiumbe kikainuka

Filamu ya kwanza ilitengenezwa na studio ya Bones, ikaanza kuonyeshwa Oktoba 2003 na kumalizika Oktoba 2004, vipindi 51. Tazama miaka. Manga ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na bado ilikuwa na miaka saba mbele yake. Watengenezaji walilazimika kujibu maswali ambayo kitabu kilikuwa hakijayafikia, na walifanya hivyo kwa ridhaa ya Arakawa mwenyewe.

Jibu lao ni hili: mtu akijaribu kumrudisha marehemu na kushindwa, kile anachotengeneza kinaweza kuwa kiumbe hai kiitwacho homunkulusi. Kinafanana na marehemu lakini si marehemu. Kwa hiyo kile kilichoachwa kwenye duara hakikufa. Kilichukuliwa, kikalishwa, kikakua, na kikarudi kikiwa na sura ya Trisha na jina la Sloth, maana yake uvivu. Kinafanya kazi kwa siri karibu kabisa na mtawala wa nchi.

Kibaya zaidi, Sloth anabeba vipande vya kumbukumbu za Trisha, na kumbukumbu hizo zinamtesa. Anataka kuwaua ndugu hawa ili ajithibitishie kwamba yeye si mama yao. Mwisho, Edward ndiye anayelazimika kummaliza.

Hata mwalimu wao haponi. Izumi naye aliwahi kujaribu kumrudisha mtoto wake mchanga, na katika filamu hii mtoto huyo anarudi akiwa kiumbe aitwaye Wrath, yaani ghadhabu, mwenye mkono na mguu ambao Edward aliupoteza.

Kitabu: Edward anachimba

Katika manga, homunkulusi hawatokani na majaribio ya kuwarudisha wafu. Wametengenezwa na adui mmoja tu anayeitwa Father, aliyejitenga na dhambi zake saba na kuzipa miili. Kwa hiyo majina yaleyale yanabebwa na watu tofauti. Wrath wa kitabu ndiye King Bradley, mtawala wa nchi, na Sloth ni jitu kubwa lisilo na uhusiano wowote na Trisha.

Basi watoto walitengeneza nini? Kwa muda mrefu Edward hathubutu kuuliza. Kisha baba yake anarudi kijijini na kumhoji bibi Pinako: mlikizika kile kitu, je, mlihakikisha kwamba ni Trisha? Edward, aliyejilaza akijifanya amelala, anasikia.

Anakwenda kufukua. Mvua inanyesha, anatapika kwa hofu, lakini anaendelea kuchimba na bibi Pinako akiwa pembeni. Wanapata nywele. Ni nyeusi, na za Trisha zilikuwa za kahawia. Wanapima mifupa. Ni mirefu kuliko ilivyotakiwa. Haikuwa Trisha. Haikuwa na uhusiano wowote naye.

Msomaji anaweza kudhani hii ni habari mbaya, maana inathibitisha kwamba mama hatarudi tena. Kwa Edward ni mzigo unaotuliwa. Miaka yote alijiona amemrudisha mama yake duniani kwa sekunde chache ili afe tena kwa maumivu. Sasa anajua kwamba mama alikufa mara moja tu, kwa ugonjwa, na wao hawakumgusa. Anampelekea Izumi habari hiyo, naye anagundua kwamba yule aliyemtengeneza hakuwa mwanawe. Mama yule analia kwa shukrani.

Kuna jambo la pili. Kama aliyekufa hawezi kurudi, lakini roho ya Alphonse ilirudi, basi Alphonse hakuwahi kufa. Mwili wake upo mahali fulani unasubiri. Shimo lile ndilo linalompa Edward tumaini jipya.

Baba naye ni tofauti

Katika filamu ya 2003, Hohenheim ni mtu aliyeishi karne nyingi kwa kuhamia miili ya watu wengine, na aliondoka nyumbani kwa sababu mwili wake ulikuwa unaoza. Katika kitabu alikuwa mtumwa asiye na jina, aliyeitwa namba 23. Aliondoka ili kuzuia mpango wa Father wa kuiangamiza nchi nzima, na mwishoni anafia mbele ya kaburi la mke wake.

Mwisho nao ni mbalimbali. Kwenye kitabu Edward anautoa uwezo wake wote wa alkemia na kuupata mwili wa mdogo wake. Kwenye filamu ya kwanza ndugu wanatenganishwa, na Edward anajikuta Ujerumani, katika dunia yetu hii. Hadithi hiyo iliendelezwa katika filamu ndefu ya mwaka 2005.

Utazame ipi?

Filamu ya pili, Fullmetal Alchemist: Brotherhood, ilitoka studio hiyohiyo ya Bones kati ya Aprili 2009 na Julai 2010, vipindi 64, ikifuata kitabu hadi mwisho. Kama bando lako linatosha kwa moja tu, na unataka hadithi aliyoikusudia mwandishi, anza na hiyo. Kwa wazazi: zote mbili zina damu na vifo vya kutisha, hazifai watoto wadogo hata kama ni katuni.

Lakini hatusemi ya kwanza ni ya uongo. Inasema kwamba jambo ulilolifanya kwa uchungu linaweza kukurudia likiwa na sura ya yule uliyempenda, na itakubidi ulikabili. Kitabu kinasema kwamba wakati mwingine hatia tunayoibeba juu ya marehemu wetu si yetu, na hatutajua mpaka tuthubutu kuangalia. Wapo watu wengi vijijini kwetu wanaojiuliza usiku kama mama angepona laiti wangemwahisha hospitali. Hao watamwelewa Edward pale kwenye mvua, na jembe mkononi.