Filamu za Makala za Kisiasa: Nguvu ya Kushawishi na Wajibu wa Mwamini Anayetazama

Filamu ya makala, ambayo wengi huiita dokumentari, ni filamu inayoonyesha watu halisi, mahali halisi na matukio halisi, badala ya waigizaji na hadithi ya kubuni. Inapokusudia kubadili mawazo ya watazamaji kuhusu utawala, uchumi, vita, ardhi au haki za watu, filamu hiyo huwa ya kisiasa, hata kama haitaji chama wala mgombea. Katika makala hii tunaeleza nguvu hiyo ya kushawishi inatoka wapi, kwa kuangalia filamu tatu zinazohusu nchi zetu za Afrika Mashariki. Kisha tunatazama mafundisho ya Mama Kanisa na namna yanavyoweza kutusaidia katika familia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mkoa wetu wa Simiyu umekaa kati ya Ziwa Viktoria, linalogusa Wilaya ya Busega, na nyika za Serengeti upande wa mashariki. Mwamini wa Ipililo au wa Bariadi anayenunua sangara mnadani, na ndugu yake wa vijiji vya mpakani anayelinda shamba lake dhidi ya tembo, wanaishi kati ya mandhari mbili ambazo dunia nzima imezitazama katika filamu na kuzitolea hukumu. Zamani picha za namna hiyo zilionekana katika kumbi za mijini na vibanda umiza. Leo zinatufikia katika simu ya mkononi, mara nyingi zikiwa zimekatwa vipande na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp bila jina la mtengenezaji wala mwaka.

Nguvu yake inatoka wapi

Msimulizi wa hadithi hulazimika kumwomba msikilizaji amwamini. Filamu ya makala huja ikiwa imekwisha kuaminiwa, kwa sababu kamera ilikuwapo. Mtazamaji husema moyoni: nimeona kwa macho yangu. Hata hivyo, aliyeona kwanza ni mtengenezaji. Yeye ndiye aliyechagua mahali pa kusimama, mtu wa kuhojiwa, saa chache za kubakiza kati ya saa nyingi alizorekodi, picha ya kutangulia na picha ya kufuata, muziki wa huzuni au ukimya. Kila neno katika sentensi linaweza kuwa neno halali la Kiswahili, na sentensi yenyewe ikawa ya uongo. Vivyo hivyo picha mia moja za kweli zinaweza kupangwa zikatoa ujumbe usio wa haki.

Hatusemi kwamba uchaguzi huo ni hila. Hakuna anayeweza kusimulia bila kuchagua, hata mhubiri mimbarini. Tunachosema ni kwamba mtazamaji anayejua kuwa kuna uchaguzi yuko katika hali tofauti na yule asiyejua.

Serengeti, 1959: kilichoachwa nje ya picha

Mwaka 1959 Profesa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt nchini Ujerumani, alitoa filamu iitwayo Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti haipaswi kufa. Aliitengeneza pamoja na mwanawe Michael. Wawili hao waliruka juu ya nyika kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama na kufuatilia misafara yao. Januari 1959 Michael alifariki dunia katika ajali ya ndege hiyo, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1960 filamu ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani, na jina la Serengeti likajulikana katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kufika Afrika.

Mema yaliyotokana na filamu hiyo hayapingiki. Iliamsha upendo kwa viumbe vya Mungu na kuvuta misaada ya uhifadhi iliyoendelea kwa miaka mingi. Lakini mwaka huohuo wa 1959, serikali ya kikoloni ilitenganisha eneo la Ngorongoro na Hifadhi ya Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakichunga katika nyika hizo wakatakiwa kuondoka ndani ya hifadhi. Uamuzi huo haukuletwa na filamu. Ulikuwa umekwisha kufikiwa kabla haijaonyeshwa. Hata hivyo, mtazamaji wa Ulaya aliweza kutoka ukumbini akiamini kwamba nyika ile ni mali ya wanyama tangu asili, na kwamba binadamu anayeonekana humo ni mvamizi au jangili. Mchungaji aliyehamishwa hakupewa nafasi ya kueleza babu zake walichunga wapi. Hapa tunajifunza njia ya kwanza ya kushawishi: kumwacha mtu nje ya picha. Asiyeonekana hahesabiwi, na asiyehesabiwa haonekani kuwa na haki.

Mwanza, 2004: picha zilizowekwa bega kwa bega

Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu mzaliwa wa Austria, alitoa filamu iliyopigwa Mwanza na kandokando ya ziwa. Kwa Kiswahili iliitwa Jinamizi la Darwin. Inahusu sangara, samaki asiye wa asili ya Ziwa Viktoria, aliyepandikizwa humo kuanzia miaka ya 1950 na kuenea mno katika miaka ya 1980, huku aina nyingi za furu zikitoweka. Filamu inaonyesha minofu ikipakiwa ndegeni kwenda Ulaya, wenyeji wakikausha mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki viwandani, pamoja na watoto wa mitaani na wanawake wanaouza miili yao. Katikati ya hayo yote linarudiwa swali moja: ndege hizo kubwa zinazokuja kuchukua samaki, zinapokuja hubeba nini?

Filamu haimwonyeshi mtu yeyote akipakua silaha Mwanza. Inachofanya ni kuziweka picha bega kwa bega. Rubani mmoja anasimulia alivyowahi kupeleka vifaru Angola kisha akapakia zabibu Johannesburg kwa ajili ya Ulaya. Mtazamaji anaunganisha mwenyewe safari ile ya Angola na ndege iliyosimama katika uwanja wa Mwanza. Hii ni njia ya pili ya kushawishi, na pengine ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa maana tunayaamini kwa urahisi zaidi yale tunayodhani tumeyagundua wenyewe.

Filamu hiyo ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Huko Ulaya wapo waliohimizana kuacha kununua sangara. Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete, akizungumza na wazee wa Mwanza, aliilaani kwa kuichafua nchi na kudhuru biashara ya samaki, na siku chache baadaye watu waliandamana jijini humo kuipinga. Mwandishi wa habari Mtanzania aliyehojiwa katika filamu alikamatwa, na uraia wake ukatiliwa shaka. Nchini Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliandika kuikosoa filamu. Mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kumkashifu Sauper, kwa kudai kwamba watoto walilipwa ili waigize.

Tukitazama nyuma, tunaona kwamba pande zote mbili zilimpoteza yuleyule mtu mdogo. Mtazamaji wa mbali aliyeacha kununua samaki alidhani anamsaidia mvuvi, kumbe huenda alikuwa anampunguzia mkate wake wa kila siku. Waliokasirika kwa ajili ya heshima ya taifa walisema sana juu ya jina la nchi, na machache juu ya watoto waliokuwa wamelala barabarani. Swali la silaha lilihitaji ushahidi, na filamu haikuutoa kwa kiwango kinachotosha kuuhukumu mji mzima. Swali la watoto halikuhitaji ushahidi wa ng'ambo, lilihitaji majirani. Na mwandishi aliyejibu maswali mbele ya kamera hakustahili kutishwa kwa sababu ya mpangilio wa picha ambao hakuufanya yeye.

Uganda, 2012: jawabu jepesi kupita kiasi

Machi 2012 shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa filamu ya nusu saa iitwayo Kony 2012, kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA waliowateka maelfu ya watoto kaskazini mwa Uganda. Katika siku sita ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 katika intaneti. Mtengenezaji anamweleza mwanawe mdogo habari za Kony, na mtazamaji anafundishwa pamoja na mtoto huyo: kuna mtu mbaya mmoja, mfanye ajulikane, naye atakamatwa. Wakati huo Kony na wapiganaji wake walikuwa wamekwisha kuondoka Uganda kwa miaka kadhaa. Filamu ilipoonyeshwa hadharani mjini Lira mwezi huohuo, mbele ya watu walioteswa na vita hiyo, wengi walikasirika na onyesho likaishia katika vurugu. Walikuwa wametarajia kuiona habari yao, wakaona habari ya mgeni na mwanawe.

Sisi Wakatoliki tuna sababu ya pekee ya kukumbuka kilichopewa nafasi ndogo humo. Mwaka 2003, watoto walipokuwa wakitembea kila jioni kuja kulala mjini Gulu kwa hofu ya kutekwa, Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini walikwenda kulala nao nje kwa siku nne mfululizo, ili dunia ione. Viongozi hao walihimiza mazungumzo ya amani kwa miaka mingi. Njia ya tatu ya kushawishi ni hii: kulifanya jawabu kuwa jepesi, na kumfanya mtazamaji wa mbali kuwa shujaa badala ya waliobeba msalaba huo kwa miaka.

Kanisa linafundisha nini

Kanisa halikuichukia filamu. Papa Pio XI, katika waraka Vigilanti Cura wa mwaka 1936, alitambua kwamba picha za sinema huwafikia watu wengi kwa wepesi kuliko hoja, na kwa hiyo zinaweza kujenga sana au kubomoa sana. Papa Pio XII alilirudia suala hilo mwaka 1957 katika Miranda Prorsus, na Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano wakatoa hati Inter Mirifica tarehe 4 Desemba 1963, wakitetea haki ya watu kupata habari za kweli na kamili, kwa kuzingatia haki na mapendo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaliweka suala hili chini ya Amri ya Nane. Inafundisha kwamba jamii ina haki ya habari iliyojengwa juu ya ukweli, uhuru, haki na mshikamano (2494), na kwamba mtumiaji asiwe mpokeaji tu, bali awe na kiasi na nidhamu (2496). Inatuonya pia kuhusu hukumu ya pupa, yaani kuamini kosa la jirani bila msingi wa kutosha (2477). Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni wa mwaka 2018, alitukumbusha mbinu ya nyoka katika Kitabu cha Mwanzo: alianza na kipande cha ukweli. Uongo unaonasa watu haukosi chembe ya kweli ndani yake.

Maandiko Matakatifu nayo yametutangulia. Kitabu cha Mithali (18:17) kinaeleza kwamba anayejieleza kwanza huonekana mwenye haki, hadi mwenzake anapofika na kumhoji. Wahenga wetu walisema: msema pweke hakosi. Filamu ni msema pweke. Humaliza dakika zake bila kukatizwa.

Namna ya kutazama

Tunapendekeza maswali yafuatayo kwa familia, vijana na Jumuiya zinazotazama filamu au kipande cha video kinachohusu siasa, hasa nyakati za uchaguzi na za migogoro ya ardhi.

Kwanza, nani ametengeneza, lini, na kwa fedha za nani? Kipande kisicho na jina wala tarehe hakistahili kusambazwa.

Pili, nani anasemewa bila kusema mwenyewe? Anayelaumiwa amepewa nafasi ya kujibu?

Tatu, nimeona nini kwa hakika, na nini nimekiunganisha mwenyewe? Tutenganishe picha iliyoonyeshwa na dhana iliyopandwa.

Nne, nikizima sauti ya muziki, hoja inabaki?

Tano, ninaombwa kufanya nini, na nani ataumia nikifanya hivyo nikiwa nimekosea?

Maswali haya si kisingizio cha kupuuza. Ipo hatari ya pili, iliyo kinyume cha wepesi wa kuamini, nayo ni kuita kila tusichokipenda uongo wa maadui. Filamu inayotuudhi inaweza kuwa imebeba kilio cha mtu tuliyezoea kumpita njiani. Kuipiga marufuku hakumpi mtu huyo chakula, wala kuishangilia hakumpi. Basi baada ya kutazama tuwatafute wenye habari wenyewe, kama wanafikika: mvuvi wa Busega, mkulima aliyeharibiwa mazao na tembo, mtoto anayelala standi. Tusikilize kwa saa moja bila kamera, ndipo tuseme tunachoamini.