Kukunja na Kukunjua: Istilahi ya Mkunjo katika Video

Miongoni mwa istilahi zilizopenyezwa katika Kiswahili cha teknolojia bila kupimwa vya kutosha, mgandamizo ni mojawapo ya zile zinazomkwaza zaidi mhariri wa video, kwa kuwa neno hilo limepewa kazi ya kutaja namna kamera inavyopunguza ukubwa wa data ya picha kabla ya kuiandika kwenye kadi, ilhali maana yake inaelekea kwingine kabisa. Kazi yenyewe haiepukiki. Video yenye pikseli 1920 kwa 1080, ikirekodiwa kwa fremu, yaani picha mnato, 25 kwa sekunde na kila pikseli ikichukua baiti 2, huzalisha takriban megabiti 830 kila sekunde, na muundo wa AVCHD, uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, hapo awali haukuruhusu zaidi ya megabiti 24.

Kitenzi gandamiza kimejengwa juu ya mzizi ganda, wenye maana ya kushikamana au kuwa kigumu kama igandavyo damu, kisha kikaongezewa -am- ya kuonyesha hali na -iz- ya kusababisha, hata kikapata maana ya kuelemea kitu kwa uzito; na kandamiza, kinachofanana nacho kwa umbo, kimekwisha kuchukuliwa na siasa, kiasi kwamba msomaji anayekutana na ukandamizaji wa picha ana haki ya kuuliza picha hizo zimemkosea nani. Kasoro kubwa zaidi ni ya kimofolojia, na inasikitisha kwamba walioipendekeza istilahi hiyo hawakuiona: gandamiza hakina kitenzi cha kukitendua. Gandua kipo, lakini maana yake ni kubandua kilichonata, na data ya video hainati popote.

Kunja, ninachokipendekeza mahali pake pamoja na nomino mkunjo, ni kitenzi cha namna nyingine. Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, kina kiambishi cha kutendua, -u- au -o-, kinachozaa jozi kama funga na fungua, ziba na zibua, choma na chomoa, na katika jozi hizo kunja na kunjua ni miongoni mwa zilizozaa sana: hukunjwa nguo, jamvi, ngumi na uso, na kutokana na kunjua tumepata ukunjufu na moyo mkunjufu, yaani moyo usiobakiza kitu ndani ya pindo. Lugha iliyokwisha kutoka kwenye jamvi hadi kwenye moyo kwa kitenzi kimoja haishindwi kufika kwenye fremu.

Faida ya jozi hiyo huonekana mezani kwa mhariri. Katika mkunjo huru kila fremu hukunjwa peke yake, kama ilivyokuwa katika mikanda ya DV tangu mwaka 1995. Katika mkunjo tegemezi fremu moja tu, fremu shina, huhifadhiwa nzima, na zinazoifuata huandikiwa tofauti zake tu. (Huru na tegemezi zimeazimwa kutoka sarufi, ambako mwanafunzi amekwisha kuzizoea katika mofimu.) Muundo wa HDV wa mwaka 2003, katika nchi za fremu 25, ulitumia makundi ya fremu 12, takriban nusu sekunde. Mhariri wa harusi anayetaka kukata pale hasa shela inapoinuliwa, kwenye fremu ya saba, huilazimu kompyuta irudi kwenye fremu shina na kukunjua kundi lile hadi ifike pale, na hapo ndipo picha hukwama na feni kuunguruma. Mgandamizo hausaidii kulieleza jambo hilo.

Kwa mpiga video yatosha kusema kwamba achague mkunjo huru iwapo kamera inao, kiwango cha juu cha megabiti, na 25p au 50p ya fremu nzima badala ya 50i ya mistari inayopishana, wala asiweke 60, kwa kuwa umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50 na taa zake huweza kumetameta kamera ikiwekwa 60. Kamera isipokuwa na mkunjo huru, azigeuze faili kuwa ProRes au DNxHD, zenye mkunjo huo, kabla ya kuhariri.

Pingamizi moja linastahili jibu la dhati, nalo ni kwamba nguo ikikunjuliwa hurudi nzima, ilhali video ya kamera hupoteza baadhi ya maelezo yasirudi tena. Ni kweli, na ndiyo sababu panahitajika mkunjo kamili kwa ule usiopoteza kitu na mkunjo pungufu kwa ule unaopoteza. Lakini wanaolitoa pingamizi hilo kwa ukali wangepaswa kueleza ni wapi gandamiza kimewahi kubainisha tofauti hiyo. Ubanaji, unaopendekezwa na wengine, una heshima ya kutumika mitaani, ila hauonyeshi kwamba fremu moja imelalia nyingine.

Kutokana na shina hilohilo hupatikana kikunjio kwa programu inayokunja, kikunjulio kwa ile inayokunjua, na kikunjio-kikunjulio kwa zote mbili zikiwa pamoja, jina ambalo waliouchagua mgandamizo wamelazimika kuliacha kodeki.