Linagonga au linaalika?

"Fundi, gari linagonga." Injini hugonga, shokamzoba hugonga. Lakini lile ka-ka-ka linalosikika ukikata kona, usukani umezungushwa hadi mwisho, si kugonga: gari linaalika. Kitenzi kualika tumekiachia karamu na harusi, ilhali pia ni kutoa mlio mkavu, kama wa kijiti kinachovunjika au mtambo wa bunduki.

Mwambie fundi "linaalika nikikata kona", naye atainama kwenye gurudumu la mbele, atazame mpira unaofunika sivi jointi, kiungo cha ekseli na gurudumu. Mpira ukichanika grisi hutoka, mchanga na maji huingia, gololi za ndani ya jointi na njia zake hulika, kisha huanza kualika. Ukikata kulia, mara nyingi mlio hutoka kushoto. Natamani neno hili lirudi gereji.